Baba Mkwe, Kitanda cha Dirishani

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani, na keki ambayo Kimaro alikuwa ameila nusu kabla hotuba hazijaisha. Saa nimeitundika sebuleni, na mpaka leo nikiitazama asubuhi nashtuka, nikidhani nimechelewa zamu. Halafu nakumbuka kwamba siku hizi wanaonisubiri ni kuku tu, na kuku hawasaini mahudhurio. Mlisema niandike machache kwa ajili ya manesi wanaoanza kazi, nami nimekaa hapa Same na feni yangu, nimeandika. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vyangu mnavijua, na mishahara mnaijua vizuri zaidi kwa sababu bado mnaisubiri.

Mimi nimezaliwa Chome, juu kabisa katika milima ya Upare, ambako ukitoka nje asubuhi bila sweta unarudi ndani mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nilipopangiwa kazi katika hospitali ya hapa mjini nilishuka na begi lililojaa sweta. Sijui nani alinishauri. Joto la Same lilinipokea palepale stendi, na sweta zile niliwapelekea wadogo zangu likizo ya kwanza nilipopanda. Siku ya kuanza kazi nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake, nikaenda kuripoti wodi ya wanaume kwa Sista Elinami. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hata madaktari waliisogelea ili waisikie. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umependeza sana," akasema. "Haya, kamata bedpani."

Yote ninayoyajua ya maana nilianza kuyajua pale, nikiwa na choo cha mgonjwa mkononi. Sista Elinami alinifundisha kumsalimia mgonjwa kabla ya kumgusa, hata kama amezimia, kwa sababu masikio ndiyo ya mwisho kulala. Alinifundisha kutandika kitanda chenye mtu ndani bila kumfunua mbele za watu. Alinifundisha pia kuifunga spana ya mtungi wa oksijeni kiunoni kwa kipande cha bandeji, maana hospitalini spana na kalamu zina miguu. Nilipomuuliza kwa nini asiitundike ukutani kama ilivyoandikwa pale ukutani, alisema aliyeandika hajawahi kuitafuta wakati mtu anahema. Tangu hapo nilifunga yangu kiunoni. Nilipostaafu nilijikuta nimeondoka nayo, ikabidi nimtume nesi Rehema airudishe.

Miaka ilipita, watoto wakazaliwa, na hospitali ikafungua chumba cha wagonjwa mahututi. Msidhani kilijengwa. Kilikuwa stoo ya magodoro, kikapakwa rangi, kikawekewa vitanda, mashine kadhaa za kupima mapigo na kiyoyozi ambacho fundi alikijua kwa jina. Mimi na Kimaro, nesi mwenzangu, tulipelekwa Moshi kujifunza. Kimaro ni Mchaga, na kwa kuwa Wachaga na Wapare ni watani, alinitania njia nzima kwenda na kurudi: Mpare akiona mashine ya bei ile ataogopa kuiwasha isije ikaisha. Tulirudi tukiwa tunajua majina ya vitu vingi. Lakini ukiondoa majina, kazi ya chumba kile ni ya mikono. Unamgeuza mtu asipate vidonda, unamsafisha kinywa, unamnyonya makohozi, unamfuta macho, unambadilisha shuka. Mgonjwa mahututi ni mtu anayeguswa kutwa nzima, naye hana la kufanya. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililoniletea kesi.

Ndiyo, kesi. Kwanza nieleze habari za nyumbani kwangu.

Niliolewa hukohuko Chome, na Elifasi, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake anaitwa Mzee Mbonea. Katika ukoo wao mkamwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, hakanyagi chumba anacholala. Akimpelekea chakula anakiweka mezani na kurudi kinyumenyume. Yeye naye hamwiti mkamwana kwa jina lake. Mimi niliitwa "mke wa Elifasi" mpaka alipozaliwa binti yetu, ndipo nikapanda daraja na kuwa Mama Neema. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na mimi nilikulia katika heshima kama hiyo kwa hiyo haikunisumbua. Tulikuwa tunasalimiana yeye akiwa barazani na mimi nikiwa uani, shikamoo ikiruka juu ya kuku. Nilikuwa nimemzalia wajukuu na sijui kiganja chake kikoje.

Jambo la pili kuhusu Mzee Mbonea: alipenda kesi. Najua Wapare wote tunasemwa hivyo, na Kimaro hakuniacha nisahau, lakini huyu alizidi. Aliwahi kushtaki majirani kwa sababu ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia migomba, akashinda, halafu akakata rufaa kwa sababu hakupendezwa na namna alivyoshindishwa. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na wachungaji kadhaa walihama usharika wakiwa wanaijua sheria kuliko walipokuja.

Basi ikaja korona.

Mnazo picha zenu za wakati ule, wengine mlikuwa bado vyuoni. Sisi tulianza kwa kusikia redioni, kisha tukasikia Moshi, kisha siku moja asubuhi tukawa naye mgonjwa wa kwanza kitandani, dereva wa lori, mtu mnene mcheshi aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi. Tuliletewa mavazi ya kujikinga: ovaroli la plastiki, kofia, miwani, barakoa, glovu juu ya glovu. Mavazi yale nadhani yalibuniwa na watu wa nchi yenye theluji. Hapa Same, jua la mchana, ukishayavaa unasikia jasho likishuka mgongoni mpaka kwenye viatu, na viatu vinaanza kulia chwa, chwa. Tuliacha kunywa maji kabla ya kuingia ili tusihitaji choo, maana kuvua na kuvaa ilikuwa safari. Nilitoka humo nikiwa na alama za miwani usoni zilizokaa mpaka jioni, na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alinitazama akasema ninafanana na bundi aliyefiwa.

Mjini watu walikuwa wakijifukiza. Kila ua lilikuwa na chungu, blanketi, na mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Tangawizi ya milimani ilishuka kwa mafurushi, limau zikaadimika, na ndugu wa wagonjwa walikuja getini na machupa ya dawa walizozichemsha wenyewe. Sisi manesi tukawa watu wa kukwepwa. Muuza duka wangu alianza kuniwekea sukari juu ya tofali, mita kadhaa kutoka kwake, kama mtu anayelisha mbwa mkali. Rehema, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, aliambiwa na mwenye nyumba atafute pa kwenda. Akahamia kwangu. Wagonjwa walizidi vitanda, mitungi ya oksijeni ikasubiriwa kuliko mvua, na wenzetu wakaanza kuugua mmoja mmoja. Zamu iliyokuwa na manesi wanne ikabaki na wawili.

Kuna mambo siwezi kuyaandika kwa utani. Kulikuwa na mama mmoja wa Jipe, mchuuzi wa samaki, kitanda cha katikati. Watoto wake walikuwa nje ya uzio, hawaruhusiwi kuingia, nasi tukawapigia simu ili nimshikie sikioni awasikie. Walimweleza kuhusu mbuzi aliyezaa mapacha. Alicheka, au nadhani alicheka, na mbuzi yule akawa jambo la mwisho alilolisikia. Niliendelea kushika simu kwa muda bila kuwaambia, kwa sababu walikuwa bado wanaongea, na sikuweza kuwakatiza. Nililia ndani ya miwani. Ukilia ndani ya miwani huoni kitu, na huwezi kufuta. Mjifunze kulia mkishatoka.

Wiki hiyohiyo wakamleta Mzee Mbonea.

Alishushwa kutoka Chome kwa gari la kubeba mbao, amefunikwa blanketi mbili, na mama mkwe wangu kando yake akiwa na kikapu cha tangawizi. Nilikuwa nimeshavaa kila kitu nilipowaona mlangoni. Oksijeni yake ilikuwa chini, midomo imebadilika rangi, na bado alikuwa anamwambia mpokezi kwamba blanketi zote mbili si za hospitali, azitambue hivyo. Tukampa kitanda cha dirishani. Nilimvuta Kimaro pembeni.

"Yule ni baba mkwe wangu," nikamwambia. "Siwezi kumgusa."

"Kwa hiyo nani amguse?" akasema Kimaro. "Humu tuko wewe na mimi."

"Akijua ni mimi atakataa matibabu yote. Humjui."

Kimaro akafikiri kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa anaandikwa jina kifuani kwa kalamu nene ili wagonjwa watujue. Akaniambia nisiandike kitu, nisiseme kitu, yeye atakuwa mdomo. Mzee alikuwa ameondolewa miwani yake, na mimi nilikuwa naonekana macho tu, tena kwa ukungu. Nilitoka mpaka karibu na uzio kwa mama mkwe, nikamweleza kwa mbali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapanga kanga yake, akasema yeye macho yake siku hizi hayaoni mbali, na kama kuna kitu kinafanyika ndani yeye hajakiona.

Basi nikawa bubu. Kimaro alisema, mimi nikafanya. Tulimwosha, tukambadilisha shuka, nikamlisha uji kwa kijiko huku Kimaro akimhadithia ubaya wa serikali za mitaa. Tulitengeneza ishara zetu: vidole viwili mgeuze, ngumi ongeza oksijeni. Lakini mzee aliyezoea mashahidi hadanganyiki kirahisi.

"Huyo mwenzako," akasema siku ya pili, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "mbona hasemi?"

"Koo linamsumbua, mzee," akajibu Kimaro.

"Koo? Na mmemwacha humu? Mtoeni!"

Ilibidi Kimaro atumie robo saa nzima kueleza kwamba ni koo la kuzaliwa nalo.

Kwa siku chache mambo yalikwenda. Halafu hayakwenda. Hali yake ikaanza kushuka, na daktari wetu, kijana mtulivu, akasema alazwe kifudifudi. Nyinyi mnajua sababu: sehemu za nyuma za mapafu zinapata nafasi, hewa inaingia. Daktari akanivuta pembeni, akasema kama hilo halitasaidia imebaki safari ya Moshi, na kwa hali ile hadhani kama mzee atafika hata Mwanga, nusu ya njia. Na asubuhi hiyohiyo Kimaro aliamka na homa, akabakizwa nyumbani.

Nikaingia na Rehema. Rehema ana mikono mizuri, lakini wakati ule sauti yake ilikuwa inaomba radhi kabla haijatoka. Alimweleza mzee habari za kulala kifudifudi. Mzee akasema hapana. Kwao mtu hulazwa hivyo akiwa amelewa au amepigwa. Rehema akaeleza tena.

"Binti," akasema mzee, "nimekataa. Kukataa ni haki yangu."

Na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinashuka. Nilikitazama kikishuka huku nimesimama kama mlingoti, nikiwa na kila neno linalotakiwa na sina ruhusa ya kulitumia. Nikafikiria mama mkwe pale nje na kikapu chake. Nikafikiria nitakavyomwambia Elifasi kwamba baba yake amekufa mbele yangu kwa sababu nilikuwa nachunga adabu. Nikasogea kitandani.

"Baba, shikamoo," nikasema.

"Marahaba," ikamtoka yenyewe, kwa mazoea ya miaka. Kisha akafungua macho yote mawili. "Mama Neema?"

"Ndiyo, baba."

"Uko humu tangu lini?"

"Tangu ulipoletwa."

Niliona akirudi nyuma kichwani mwake, siku baada ya siku, akihesabu mara alizooshwa. Akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akiona aibu namna ile, na ilinichoma.

"Toka nje," akasema.

"Nikitoka nani atakugeuza? Kimaro anaumwa. Rehema hawezi peke yake."

"Nisigeuzwe basi. Nimeishi vizuri. Nife vizuri. Sitashikwashikwa na mke wa mwanangu kama mtoto mchanga."

Hapo nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka miwani ikazidi kupata ukungu. Nilikuwa nimechoka, nina kiu, nimemzika mama wa Jipe kwa simu, na huyu mzee yuko tayari kufa ili mimi nisikosee.

"Baba," nikasema, "mimi nakugeuza. Ukiona nimekosa, nishtaki."

Kisha jicho moja likafunguka.

"Wapi?"

"Kwenye ukoo. Itisha wazee wote. Nitakuja, nitasimama, nitajibu."

"Utakana."

"Sitakana. Rehema huyu hapa ni shahidi."

Rehema, maskini, akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu mpaka kofia ikasogea.

"Lakini ujue," nikaendelea, "mlalamikaji akifa kesi inafutwa. Utakuwa umeniachia ushindi wa bure, sijafungua hata mdomo."

Mashine ilikuwa inalia ti, ti, ti, na nje mtu alikuwa anaanika makopo. Niliogopa kwamba nimeongea vibaya na mtu anayekufa.

"Hushindi," akasema Mzee Mbonea.

"Basi tugeuke."

Tukamgeuza. Mto chini ya kifua, mto chini ya nyonga, tumbo liwe huru, mkono mmoja juu na mwingine chini, kichwa upande, mrija wa oksijeni usibanwe. Rehema alishika miguu, mimi nikakumbatia mabega. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na alinuka sabuni yetu. Nilimfunika vizuri, kama Sista Elinami alivyonifundisha, kisha tukakaa kukitazama kile kipimo. Kwanza hakikufanya kitu. Kisha kikaanza kupanda polepole, kinasimama, kinapanda, kama mtu anayekwenda Chome na mzigo. Rehema alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu na wala sikuwa nimegundua.

"Andaa utetezi," ikatoka sauti kwenye mto.

Kuanzia hapo alipona kwa hasira. Kila nilipomhudumia aliniongezea shtaka: kumwosha mgongo ni shtaka, kumkata kucha za mikono ni shtaka, kumwambia "baba, meza" kwa sauti ya kuamuru ni shtaka zito. Rehema aliamriwa ayashike yote kichwani, na alipoulizwa aliyataja kwa mpangilio mpaka wagonjwa wengine wakaanza kufuatilia. Kimaro aliporudi, amekonda lakini mdomo ni uleule, nilimsimulia. Aliegemea ukuta akicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa sote tukaacha kucheka tukamtazama.

"Wapare bwana," akasema alipopata pumzi. "Mtu anatolewa kaburini, swali lake la kwanza ni mahakama iko wapi."

Siku ya kuruhusiwa Mzee Mbonea alitoka kwa miguu yake, ameshikwa na mwanawe. Aliagana na daktari, akaagana na Rehema, akamwambia Kimaro kwamba kwa Mchaga amejitahidi. Mimi alinipita bila neno. Nikajiambia nimemrudisha nyumbani, inatosha. Haikutosha, lakini nilijiambia hivyo.

Baada ya wiki kadhaa Elifasi akaja na ujumbe: ukoo unakutana Jumapili baada ya ibada, na mimi natakiwa. Nilikuwa nimedhani yale yalikuwa maneno ya kitandani.

"Ungemwachia tu mtu mwingine," akasema Elifasi.

"Nani?"

Akaenda kuangalia kuku.

Tulipanda Chome kimyakimya. Barabara mnaijua, kila jiwe linakutaka radhi. Nilikuwa nikiwaza kitu kimoja: ukoo ukisema nimemvunjia heshima mzee, ninaweza kuambiwa nisikanyage tena pale nyumbani. Na mimi nilikuwa nikiupenda ule ua kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Jiko la mama mkwe ndilo nililokimbilia nilipofiwa na mama yangu. Humo ndimo watoto wangu walimojifunza kutembea, wakishikilia kinu. Nilikuwa nimeokoa mtu na sasa huenda nikaipoteza nyumba yake. Niliona si haki, na hasira yangu ya hospitalini ikaanza kurudi.

Wazee walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Makande yalikuwa yanachemka kwenye sufuria kubwa, kwa hiyo nilijua angalau tutahukumiwa kabla ya kula, Wapare hawapotezi kuni. Mzee Mbonea alisimama na fimbo yake, amevaa koti la ibada. Alikuwa amepungua, koti lilikuwa linamngoja ajae. Akataja mashtaka yangu moja baada ya jingine, hakuacha hata la uji. Alipofika mwisho akasema, "Na aliniambia 'geuka' bila kusema tafadhali. Unakubali?"

"Nakubali yote, baba," nikasema. "Ila tafadhali nilisema."

"Kulikuwa na barakoa. Haikusikika."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Wazee wakainamiana, wakanong'ona, na mdogo wake mzee akasimama akasema kosa lipo lakini sababu ipo, mkamwana alete mbuzi yaishe.

"Sikuja hapa kutafuta mbuzi," akasema Mzee Mbonea. "Mbuzi ninao."

Akaisogeza fimbo mbele yake.

"Niliyoyataja ni makosa kwa mkamwana," akaendelea. "Kwa binti si makosa. Binti anamwosha baba yake, anamlisha, anamkaripia akikataa dawa, na ukoo hausemi kitu. Nilipolala kule, watoto niliowazaa mimi walikuwa nje ya uzio. Siwalaumu, walikatazwa. Aliyekuwa ndani ni huyu. Nilimfukuza, hakuenda." Akaegemea fimbo, na nilijua ile pumzi, ni ya mtu ambaye mapafu yake bado hayajarudi yote. "Naomba ukoo unipe huyu awe binti yangu. Na ihesabiwe tangu siku ile niliyofikishwa hospitali, ili asiwe amekosa hata siku moja."

Kisha mdogo wake, ambaye naye ni Mpare, akainua kidole.

"Na Elifasi je? Atakuwa amemwoa dada yake."

"Hiyo ni kesi ya Elifasi," akasema mzee. "Aifungue mwenyewe."

Mabenchi yalicheka mpaka moja likapinduka. Wazee wakakubali, mmoja mmoja, kwa mdomo, kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alikuwa akikoroga makande kwa nguvu isiyohitajika na hakuinua uso. Mimi nililia wazi, bila miwani, nikafuta kwa ncha ya kitenge mara nyingi nilivyotaka.

Sahani zilikuwa zimeanza kupita nilipomwona mzee ameinama kwenye kiti chake, anavua kiatu. Akavua na soksi. Akaunyoosha mguu mbele ya ukoo mzima.

"Nakunda," akaita.

Nilichelewa kuitika, kwa sababu sikuwa nimewahi kulisikia jina langu kwa sauti ile.

"Njoo uniangalie hiki kidole. Kinaniuma tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni. "Na hukusema!"

"Ningemwambia nani?"

Nikapiga magoti. Ilikuwa ni kucha ya kidole gumba, imeingia nyamani, na pembeni pamevimba. Nikaomba maji ya moto na chumvi, nikauweka mguu wa baba yangu mapajani, nikaanza kazi.